Rekodi za Sikioni: Kupe, Ubongo na Askari wa Damu

Mshike ng'ombe yeyote wa Adungosi sikio, uligeuze ndani liwe nje. Kwenye ngozi ile laini, mahali mkia haufiki, ndipo ulipo uwanja wa mashindano ya leo. Watu wa barabara ya Busia na Malaba wamezoea kuhesabu vitu vikubwa: matrela, makontena, magunia ya mahindi. Leo tunahesabu vidogo. Kuna kupe, kuna vijidudu anavyovibeba, kuna ubongo ambao baadhi ya vijidudu hivyo huutafuta, na kuna seli nyeupe za damu zinazotumwa kuuokoa, ambazo mara nyingine huubomoa zikidhani zinauokoa. Kila mmoja kati ya hawa ana rekodi yake. Tunaanza na nafasi ya tisa na kupanda hadi ya kwanza, na mshindi anatoka hapa hapa nyumbani.

9. Mkongwe kuliko wote: miaka 27

Mwaka 1976, mwanasayansi wa Marekani Julian Shepherd alipewa kupe 13 waliotoka Nairobi. Walikuwa wa aina ya Argas brumpti, kupe wa ngozi laini wa Afrika Mashariki, naye akawafuga katika maabara yake kwenye Chuo Kikuu cha Binghamton. Hakujua kwamba alikuwa ameanzisha mbio ndefu. Kupe hao waliishi angalau miaka 27, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022.

Kuna walichofanya kinachozidi hata umri huo. Walikaa miaka 8 bila kula. Chukua mtoto wa enzi za 8-4-4: aingie darasa la kwanza, ajifunze kusoma, akariri jedwali la kuzidisha, afike la nane na kukalia mtihani wa KCPE. Muda wote huo kupe yuko kwenye chupa yake na hajaonja hata tone la damu. Kisha jike mmoja akataga mayai miaka kadhaa baada ya dume wa mwisho kufa, kwa mbegu alizokuwa amezihifadhi mwilini. Mkenya anashikilia rekodi ya dunia ya uvumilivu, na ana miguu minane!

8. Mzazi hodari: mayai 20,000

Huyu anajulikana na kila mchungaji wa Teso: kupe mkubwa mwenye madoadoa, dume lake limepakwa rangi kama gari la harusi. Jina lake la kitaalamu ni Amblyomma variegatum. Jike akishiba, uzito wake huongezeka zaidi ya mara 100. Mtu wa kilo 70 akila kwa kiwango hicho angeinuka mezani akiwa na tani 7, sawa na matatu mbili za abiria 14 zikiwa zimejaa na mizigo juu.

Kisha anadondoka na kutaga hadi mayai 20,000 kwa mkupuo mmoja, halafu anakufa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 168,116 katika Teso Kusini. Majike tisa wa kupe huyu wangempa kila mkazi yai lake, na mengine yakabaki.

Nafasi ya nane ni ndogo kwake, maana yeye pia hufika ubongoni. Bakteria anayembeba, Ehrlichia ruminantium, huleta ugonjwa wa maji moyo. Bakteria huyo hujificha kwenye kuta za mishipa ya damu, na mahali daktari wa mifugo anapomtafuta kwa uhakika ni kwenye kipande cha ubongo wa mnyama aliyekufa, kilichopakwa juu ya kioo cha hadubini. Kabla ya kufa mnyama huinua miguu juu kupita kiasi anapotembea, hutafuna hewa, huzunguka. Wazee wengi wanazijua dalili hizo bila hadubini.

7. Mwizi stadi kuliko wote

Mbu anauma na kuondoka. Kupe anakaa siku kadhaa, mdomo ukiwa ndani ya nyama, na bado mwili wa mwenyeji haumgundui ipasavyo. Anawezaje? Jibu liko kwenye mate, na bingwa wa mate ni kupe kahawia wa sikio, Rhipicephalus appendiculatus, yule yule uliyemwona ulipogeuza sikio.

Ngozi ikijeruhiwa, seli zake humwaga histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe. Mwasho ndio unaokufanya ukune, na kukunwa ni kifo kwa kupe. Mwaka 1999 watafiti walieleza protini zilizo kwenye mate ya kupe huyu ambazo hukamata histamini na kuishikilia kwa nguvu kuliko vipokezi vya mwili wenyewe. King'ora kinalia, lakini waya umeshakatwa.

Mwaka 2013 ikaelezwa protini nyingine ya kupe huyo huyo, iliyopewa jina la Japanini. Hii inafanya kazi ya juu zaidi. Chini ya ngozi kuna seli za upelelezi ambazo kazi yake ni kumeza kipande cha adui, kukimbia nacho hadi kwenye tezi, na kuwaonyesha askari sura ya kumtafuta. Japanini inazibadilisha tabia seli hizo ili zipeleke ripoti isiyo na makali. Mwizi wa kawaida hukwepa polisi. Huyu humwandikia polisi taarifa yake!

6. Mwenye kasi na mwenye mwendo wa kobe

Medali ya kasi inakwenda Amerika Kaskazini. Virusi vya Powassan vimepewa jina la mji wa Ontario, Kanada, ambako mtoto wa miaka 5 alifariki kwa ugonjwa wa ubongo mwaka 1958. Majaribio kwa panya yalionyesha kwamba kupe akishajishikiza, dakika 15 zinatosha kuviingiza mwilini. Dakika 15! Matatu ya Busia haijajaa abiria, na virusi vimeshavuka mpaka. Kati ya watu wanaopata ugonjwa mkali wa Powassan, takriban mmoja kati ya 10 hufa, na karibu nusu ya wanaopona hubaki na madhara ya kudumu.

Mkiani yuko Theileria parva, kijidudu cha ndigana kali, ugonjwa ambao madaktari wetu wa mifugo huuita ECF. Kupe anapoanza kunyonya, kijidudu hiki bado hakijakomaa kwenye tezi zake za mate. Kinahitaji siku 3 hadi 5 za kupe kunyonya ndipo kiwe tayari kuingia kwa ng'ombe. Ndiyo maana josho na dawa ya kupuliza vina faida: ukimwondoa kupe mapema, umemtoa nje kabla bunduki haijajazwa risasi. Kwa Powassan hila hiyo ingekuja imechelewa.

Lakini mkumbuke huyu wa mwisho. Tutakutana naye tena mahali pa juu zaidi.

5. Kitabu kifupi kuliko vyote, na jina kubwa la Kikuyu

Virusi vya homa ya ubongo ya kupe, ile inayosumbua misitu ya Ulaya na Asia kuanzia Austria hadi Siberia, vina kipenyo cha takriban nanomita 50. Vikipangwa mstari mmoja, 20,000 vinatosha kwenye milimita moja. Maagizo yote ya uhai wake yameandikwa kwa herufi takriban 11,000 za kikemikali. Makala haya unayoyasoma yana herufi nyingi kuliko hizo. Maagizo ya binadamu ni herufi bilioni 3, na bado ile barua fupi humlaza kitandani.

Virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1937, wakati msafara wa Lev Zilber ulipokwenda mashariki ya mbali ya Urusi. Mwaka huo huo, ng'ambo ya mpaka wetu, damu ya mama mmoja wa wilaya ya West Nile nchini Uganda ilitoa virusi vya ukoo huo huo, West Nile, ambavyo husambazwa na mbu. Ukoo mmoja, mwaka mmoja, pembe mbili za dunia. Na ndugu wa kupe hawakukosa kwetu: mwaka 1967 virusi vya Kadam, vya ukoo ule ule, vilitolewa kwa kupe wa Karamoja, nchi ya mlima unaobeba jina hilo, kaskazini ya Elgon.

Lakini kombe la sehemu hii nalitoa kwa Thogoto. Mwaka 1960, kupe waliokusanywa kwa ng'ombe wa msitu wa Thogoto, karibu na Nairobi, walitoa virusi vipya, vya jamii ya mafua. Fikiria: mafua yanayosafiri kwa kupe! Nchini Nigeria, katika miaka ya 1960, vilipatikana kwa wagonjwa wawili, mmoja akiwa na homa ya uti wa mgongo iliyomuua, mwingine akiwa na ugonjwa wa neva za macho. Leo jenasi nzima ya virusi inabeba jina la Thogoto duniani kote. Mmoja wa ukoo huo, Bourbon, alimuua mtu katika jimbo la Kansas, Marekani, mwaka 2014.

Thogoto inashikilia rekodi nyingine, nayo ni ya ujanja. Kwa miongo kadhaa kanuni ilikuwa moja: mdudu anaambukizwa akinyonya damu iliyojaa virusi. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza waliweka kupe kahawia wa sikio, wenye Thogoto na wasio nayo, kwenye nguruwe-buku mmoja. Damu ya mnyama haikuwa na virusi vya kuonekana, lakini kupe safi waliambukizwa. Virusi vilipita kupe hadi kupe kupitia ngozi, vikisaidiwa na mate. Baadaye ilionekana kwamba virusi vya homa ya ubongo ya Ulaya navyo hupita hivyo, vikibebwa na seli za kinga za ngozini, zile zile za upelelezi zinazokimbilia kupe anapouma. Gari la polisi limegeuzwa teksi.

4. Ukuta mrefu: kilomita 600 na ushei

Mishipa midogo ya damu iliyomo katika ubongo wa mtu mmoja, ikinyooshwa, inazidi kilomita 600. Ifunge ncha moja pale Malaba kwenye kituo cha mpaka. Ivute kupitia Eldoret na Nakuru, iteremke Nairobi, iendelee na barabara ya Mombasa. Itakuishia sehemu za Makindu na Kibwezi, na yote imetoka kwenye kichwa kimoja kinachoenea kofia moja.

Kuta za mishipa hiyo zimeshonwa kwa nguvu kuliko mahali pengine mwilini. Chumvi, sukari na hewa hupita kwa utaratibu, seli za damu hupita chache mno, na vijidudu karibu vyote hugonga mwamba. Hakuna mpaka Afrika Mashariki wenye ukaguzi wa namna hiyo. Virusi vya homa ya ubongo ya kupe ni kati ya vichache vinavyofaulu kuuvuka.

Ndani ya ukuta kuna walinzi wa kudumu, mikroglia. Nao wana rekodi yao. Askari wa kawaida wa damu, nyutrofili, anaishi saa chache au siku chache. Mikroglia wa binadamu ana wastani wa umri wa zaidi ya miaka 4, na baadhi hupita miaka 20. Ni wachache mno mwilini walinzi wanaokaa lindoni muda kama huo.

3. Mwendo mbovu, uzazi wa kutisha

Hapa mshindani mmoja anashinda na kushindwa kwa wakati mmoja. Anaitwa seli T, askari wa damu aliyefunzwa kumtambua adui mmoja tu.

Kwanza aibu yake. Ikitambaa ndani ya tezi, seli T huenda takriban mikromita 10 kwa dakika. Piga hesabu: chini ya milimita 15 kwa siku, mita 5 na ushei kwa mwaka. Kwenye foleni ya Malaba ingehitaji zaidi ya miaka 3 kulipita trela moja la mita 17. Kutoka Busia hadi Malaba, kilomita 30 hivi, ni safari ya zaidi ya miaka 5,000. Bahati nzuri kuna damu, ambayo humzungusha abiria mwili mzima kwa takriban dakika moja. Seli T hutambaa ikiwa mtaani. Safari ndefu inapanda gari.

Sasa fahari yake. Seli T ya aina inayoua, ikishaonyeshwa adui, inaweza kugawanyika kila baada ya saa 8 au hata chini ya hapo. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Fuata hesabu bila kuondoa zinazokufa njiani. Kufikia siku ya sita zimegawanyika mara 18 na kuwa 262,144, zaidi ya watu wote wa Teso Kusini. Saa 16 baadaye ni 1,048,576, na Kaunti nzima ya Busia, yenye watu 893,681, imepitwa. Mwanzo ulikuwa seli moja, na wiki haijaisha!

Na kama unataka idadi isiyo na mpinzani, uboho wa mtu mzima hutengeneza takriban nyutrofili bilioni 100 kila siku. Zigawe kwa Wakenya wote waliohesabiwa mwaka 2019, milioni 47.5 na ushei, na kila mmoja anaondoka na zaidi ya 2,100. Kesho zinatengenezwa nyingine.

2. Msongamano mkubwa mahali padogo kuliko pote

Ubongo unaelea katika maji. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, chini ya kikombe kikubwa cha chai. Kwa mtu mzima wa afya, kila mikrolita ina seli nyeupe chini ya 5. Zihesabu zote kichwani na mgongoni: hazifiki 750,000. Kwa maneno mengine, Kaunti ya Busia ina watu wengi kuliko askari wote wanaoelea katika maji ya ubongo wako. Pametulia.

Sasa virusi vya homa ya ubongo ya kupe viingie. Siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa, mara nyingi huja homa ya siku chache ambayo mtu angeidhania malaria. Inapoa. Mgonjwa anarudi shambani akijiona amepona, wiki moja hivi inapita, kisha kichwa kinapasuka, shingo inakakamaa. Daktari akichota maji ya mgongo, kwa kawaida hukuta seli makumi au hata mamia kwa mikrolita. Tuchukue 100. Katika zile mililita 150 ni seli milioni 15: Kaunti za Busia 16 na ushei zimejibanza ndani ya kikombe.

Mwanzoni umati huo huwa na nyutrofili wengi, kisha limfosaiti, yaani jamii ya seli T, hushika uwanja. Uchunguzi wa damu ya wagonjwa nchini Sweden ulionyesha kwamba seli T wauaji hufikia kilele ndani ya wiki ya kwanza ya kulazwa. Yaani virusi vinapoanza kupungua, jeshi ndiyo kwanza linawasili kwa wingi. Uchunguzi wa ubongo wa watu waliofariki nao ulikuta humo seli T zenye silaha zao tayari.

Sasa shika kiti. Mwaka 2009 watafiti wa Ucheki walichukua panya wasio na seli T wauaji na kuwaambukiza virusi hivyo. Ungetarajia wafe haraka. Waliishi muda mrefu zaidi kuliko panya wenye jeshi kamili. Sehemu ya uharibifu wa ubongo, basi, ilikuwa kazi ya walinzi.

Usikimbilie kusema walinzi waondolewe. Seli nyeupe hutumia mlango uitwao CCR5 kutafuta njia ya kufika penye maambukizi, na kuna watu waliozaliwa bila mlango huo, hasa Ulaya. Utafiti wa Lithuania mwaka 2008 ulikuta watu hao ni wengi kupita kiasi miongoni mwa wagonjwa wa homa ya ubongo ya kupe. Marekani, miaka miwili kabla, jambo hilo hilo lilikuwa limeonekana kwa virusi vya West Nile, binamu wa Uganda. Jeshi likichelewa ni hatari, likijaa ni hatari. Sioni mchezo wowote wenye goli finyu kama huu.

Ugonjwa huu huwapata wagonjwa 10,000 hadi 12,000 kwa mwaka duniani. Wangekaa katika uwanja wa Kasarani, wangejaza sehemu ndogo tu. Umbo la Ulaya huua mmoja au wawili kati ya 100. Taarifa za zamani za mashariki ya mbali zilitaja vifo vya zaidi ya 20. Austria ina chanjo tangu miaka ya 1970, na idadi kubwa ya watu wake wamechanjwa. Kitu kingine: Ulaya watu hupata virusi hivi hata kwa kunywa maziwa mabichi ya mbuzi. Chai yetu ya kuchemsha maziwa mpaka yafurike sufuria inastahili heshima yake.

1. Jambazi mkuu wa dunia, anayeishi sikioni Busia

Nilisema tutakutana naye. Theileria parva, yule mwenye mwendo wa kobe, ndiye bingwa.

Sababu ni hii. Virusi kadhaa hugeuza seli kuwa za saratani. Lakini kati ya viumbe vyenye seli kamili yenye kiini, ukoo wa Theileria ndio pekee unaojulikana kuteka seli ya kiumbe kingine cha namna hiyo na kuigeuza kuwa kama ya saratani. Pekee! Na seli anayoichagua si ya nyama wala ya ngozi. Anaingia ndani ya limfosaiti, askari mwenyewe. Haiui. Anaiamuru igawanyike bila kukoma, na inapogawanyika yeye hujishikiza kwenye kamba zile zile ambazo seli hutumia kugawana vinasaba vyake, akakatika pamoja nayo. Kila binti anarithi jambazi wake.

Seli zilizotekwa huongezeka takriban mara 10 kila siku 3. Anza na moja: siku ya 18 ni milioni moja, zaidi ya Kaunti ya Busia, na kupe haingizi mmoja tu. Tezi chini ya sikio huvimba kwanza, kisha za begani, homa inapanda, mapafu yanajaa maji. Ng'ombe asiyetibiwa hufa ndani ya wiki 3 au 4. Afrika hupoteza kwa ugonjwa huu ng'ombe wapatao milioni moja kwa mwaka. Ajabu ya mwisho: akipewa dawa ya buparvakwoni mapema, kijidudu kinakufa, na seli iliyokuwa kama ya saratani inaacha kugawanyika. Saratani yenye swichi ya kuzima haipatikani kila mahali.

Na ubongo? Ipo sura ya ugonjwa huu ambayo Wamaasai huiita ormilo. Limfosaiti zilizotekwa hujirundika katika mishipa midogo ya ubongo, ule ukuta wa kilomita nyingi, na kuiziba. Ng'ombe huinamisha kichwa upande mmoja na kuzunguka duara mpaka aanguke. Katika homa ya Ulaya askari huingia ubongoni kupigana na mgeni. Katika ormilo wanaoziba njia ni askari wenyewe, mgeni akiwa ameketi ndani yao akishika usukani. Hakuna jeshi lililowahi kutekwa kwa ukamilifu huo.

Kaunti ya Busia ilitoa pia kipimo kikubwa cha vita hivi. Kuanzia 2007 hadi 2010, mradi ulioitwa IDEAL ulifuatilia ndama 548 wa zebu katika magharibi ya Kenya, tangu wakiwa na siku chache hadi kutimiza wiki 51. ECF ilibeba takriban asilimia 40 ya vifo vilivyotokana na maambukizi. Maji moyo ya yule kupe mwenye madoadoa yalichukua asilimia 7 hivi. Kisha, mwaka 2015, hesabu za ndama hao zikatoa namba ambayo mimi naipa kombe la dhahabu: 89. Ndama aliyekuwa pia na Theileria wapole, jamaa wasioua, hatari yake ya kufa kwa parva ilipungua kwa asilimia 89. Kupe wale wale wanaoleta kifo walikuwa wamewaletea ndama wengine ngao.

Ngao ya kutengenezwa na binadamu ilitoka Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa parva hai wa aina tatu zilizochanganywa, na papo hapo hupigwa sindano ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Anaugua kidogo, anapona, na kinga inaweza kukaa naye miaka mingi.

Ni nani anayeishika kinga hiyo? Mwaka 1994, watafiti wa maabara ya ILRAD iliyokuwa Kabete walichukua ndama mapacha. Mmoja alikuwa na kinga, mwingine hajawahi kuuona ugonjwa. Wakahamisha seli T wauaji kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili, ambaye pia alipewa parva wa kuua. Aina ile ile ya seli ambayo panya wa Ucheki waliishi zaidi bila kuwa nayo iliingia kwenye damu ya ndama asiye na kinga nyingine yoyote, ikawawinda askari wenzake waliotekwa mmoja mmoja. Ndama akapona.